Kiti cha pembeni

Mpira una uwanja, una tiketi, una kiti chenye namba. Rali haina hata kimoja. Uwanja wake ni barabara ya kwenda shamba iliyofungwa kwa saa chache, jukwaa ni kichuguu au mwembe, na mlango wa kuingilia ni popote utakapofika kabla wasimamizi hawajaweka utepe. Unayemtazama anapita mbele yako kwa sekunde mbili, tatu ukibahatika, kisha unabaki na vumbi lake. Asiyejua asimame wapi anaweza kumaliza Jumamosi nzima na kurudi nyumbani akisimulia kishindo tu.

Mimi nilikuwa na mwenyeji. Mke wangu, Mama Salma, ni mtoto wa Kimamba, wilayani Kilosa. Marehemu baba yake aliendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge, akivuta matela ya majani kutoka shambani hadi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, na binti yake alipewa lifti juu ya mzigo ilimradi akae mbali na miba. Tuliposikia kwamba mbio za magari zitapita kwenye barabara za mashamba ya huko, kisha magari yakusanyike Mikumi kwa matengenezo, hatukuwa na mjadala. Alisema neno moja tu: "Baba Salma, safari hii njia nasoma mimi."

Tulipanda treni ya SGR Ijumaa jioni. Kabla treni hizi za umeme hazijaanza kwenda hadi Dodoma, Julai 2024, kufika Kilosa kutoka Dar es Salaam kulitaka basi, uvumilivu wa foleni ya Kibaha, Chalinze, Morogoro, halafu ukunje kona ya Dumila. Sasa ni chini ya saa tatu. Kwenye kibao cha taa ndani ya behewa namba zilipanda hadi 160 na hakuna aliyeinua kichwa. Baba mmoja mbele yetu alikuwa amesinzia mdomo wazi. Naitaja namba hiyo kwa sababu kesho yake, kwa mwendo ambao hata haukufika hapo, mamia ya watu walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Kilosa ni mji wa reli tangu enzi za Mjerumani. Hapa ndipo Reli ya Kati inapokutana na tawi linaloshuka kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye reli ya TAZARA. Ni mji pia wa mto Mkondoa, ambao mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, ukafukuza maelfu ya watu majumbani na kuzoa tuta la reli hadi treni zikasimama. Mwenyeji wa Kilosa anaheshimu vitu viwili, maji na ratiba. Mjomba wake Mama Salma, aliyetupokea stesheni, alitusalimia na kutupa ratiba kabla hata hatujamaliza shikamoo: saa kumi na moja alfajiri tuwe ndani ya pikapu, maana barabara ikishafungwa haifunguliwi kwa sababu ya mkwe wa mtu.

Na kweli, saa kumi na mbili hivi tulikuwa kati ya mistari ya mkonge, umande bado uko kwenye majani, milingoti ya mkonge uliochanua imesimama juu ya kila kitu. Watu walishafika. Wengi walikuja kwa bodaboda, watatu watatu, na wengine kwa miguu kutoka vitongoji vya jirani. Mama wa vitumbua alikuwa ameweka jiko mahali pa faida kubwa zaidi, pale njia ya miguu inapotokea barabarani, wala hakuhitaji kuita mteja.

Nilipenda kona moja kali. Upande wake wa nje palikuwa peupe, jua linatokea mgongoni, mahali pa picha nzuri. Vijana walikuwa wamejaa hapo. Nikaanza kwenda. Mama Salma akanishika mkono.

"Hapo hapana, baba. Tela la mzee likizidiwa na mzigo lilikuwa linatupwa upande huohuo."

"Lakini hawa wote wamesimama."

"Hawa wote hawajawahi kupanda tela."

Alichosema ndicho kinachofundishwa kwa watazamaji wa rali dunia nzima, ingawa yeye alikipata juu ya majani ya mkonge. Gari likipoteza mshiko kwenye kona haliendi ndani, linaendelea kule lilikokuwa likielekea, yaani nje. Mwaka 1986, kwenye Rali ya Ureno, watu walijaa barabarani kiasi kwamba madereva walikuwa wakiendesha kwenye uchochoro wa miili. Ford ya Joaquim Santos ikamshinda, ikaingia kwenye kundi; watatu walikufa na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Miezi miwili baadaye, Mei 2, kule Corsica, gari la Henri Toivonen lilitoka barabarani na kuwaka moto. Baada ya hapo magari ya kundi la hayo mawili, yenye nguvu kupita akili ya mtu, yakapigwa marufuku. Toivonen anatajwa hadi leo kila ajali za rali zinapozungumzwa. Aliyekufa naye ndani ya gari lile, msoma ramani wake Sergio Cresto, hutajwa kwa nusu sentensi, akitajwa.

Tulipanda kwenye mwinuko wa ndani ya kona, nyuma ya safu ya mkonge, hatua kama thelathini kutoka barabarani. Kutoka pale ungeona mnyoofu wote gari linakotokea, kona yenyewe, na mahali linapozama tena kwenye mashamba. Mgongoni palikuwa na njia ya kukimbilia. Msimamizi mmoja mwenye kizibao cha kung'aa alipita akipuliza filimbi kuwafukuza wale vijana wa upande wa nje. Wakatoka. Alipowapa mgongo, wakarudi. Akageuka, wakatoka. Mzee mmoja wa Kiparakuyo aliyekuwa na ng'ombe wake upande wa pili alikuwa ameshawazuia kwenye mbuga ya nyuma, amewaachia vijana wawili, na sasa amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo. Kati ya watu wote pale, yeye ndiye aliyekaa mahali sahihi bila kuambiwa.

Kusubiri rali ni kazi, na ni vizuri ukasubiri na mtu mnayeongea. Mjomba alikuwa na mazungumzo yake, na yote yalianza na Peugeot 404. Kwa wazee wa rika lake gari hilo lilikuwa la mkulima, la mkuu wa wilaya, la teksi, na la ushindi. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally kwa Peugeot 404. Kwa mashindano yaliyokwisha kuonekana kama mali ya Nairobi, dereva wa kutoka Tanzania kushinda mara mbili mfululizo hakikuwa kitu kidogo.

Vijana wa leo wakisikia Safari wanawaza Naivasha, na hawakosei, kwa sababu mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 yalirudi Naivasha. Lakini yalipozaliwa, Mei 27 hadi Juni 1 mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakahamishiwa Pasaka, makusudi kabisa, ili mvua za masika ziwe mshindani wa ziada. Milima ya Usambara na miinuko ya Mbulu ilikuwa majina yanayowatoa jasho madereva wa Ulaya. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7, na mshindi miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, naye kwa Peugeot 404. Mwaka 1972 mashindano yalianzia na kumalizikia Dar es Salaam, na ndipo kwa mara ya kwanza mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki alipotwaa kombe, Hannu Mikkola wa Finland, kwa Ford Escort. Miaka miwili tu baadaye jina la Afrika Mashariki likaondolewa kwenye mashindano na njia zikabaki Kenya. Jumuiya yenyewe ilikuja kuvunjika mwaka 1977. Kwenye rali tulishaachana mapema.

"Na huyo Shankland alikuwa peke yake humo ndani?" Mama Salma alimuuliza mjomba wake.

Mjomba akafikiri. Hakukumbuka.

Alikuwepo Chris Rothwell. Nowicki alikuwa na Paddy Cliff mara zote mbili. Mikkola alikuwa na Gunnar Palm. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya ambaye jina lake lilikuwa sifa ya kila dereva mwenye mbio Afrika Mashariki nzima, alishinda mara ya kwanza mwaka 1965 kwa Volvo, na pembeni yake alikaa ndugu yake, Jaswant. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari mara tano; ushindi wa 1973 alikuwa na Lofty Drews, na ule wa mfululizo kutoka 1979 hadi 1982 alikuwa na Mike Doughty. Katika baadhi ya mashindano mengine aliyekaa kiti hicho alikuwa mkewe, Yvonne. Nilipomweleza Mama Salma hili la mwisho, alinitazama kwa muda kidogo kisha akasema, "Sasa huyo alikuwa na ndoa."

Kazi ya mtu wa kiti cha pembeni inaanza siku kabla ya mbio. Wawili wanapita njia yote kwa mwendo wa kawaida unaoruhusiwa, dereva anataja anachokiona, kona ya kushoto ukali kiasi gani, mita ngapi hadi korongo, jiwe liko upande upi, na mwenzake anaandika kwa alama zao. Siku ya mbio anamsomea dereva yale maandishi kupitia kipaza sauti cha ndani ya helmeti, kona moja au mbili mbele ya pale gari lilipo. Kwenye mashamba ya mkonge, ambako kila njia inafanana na nyingine na mmea umesimama juu ya kimo cha boneti, dereva haoni kinachomjia. Anaendesha kwa masikio. Msomaji akichelewa kwa pumzi moja, gari limeshaingia mkongeni.

Kwanza zilipita gari za waandaaji, zile zinazotangulia kuhakikisha njia ni safi, kila moja na ving'ora vyake. Kelele za watoto zilipanda, zikashuka. Halafu kimya. Halafu vijana walioko juu ya mwembe, ambao ndio waliokuwa na habari zote za siku ile, wakapaza sauti: "Linakuja!"

Sisi wa chini hatukuona kitu. Tulisikia. Mlio ulianzia mbali upande wa Kimamba, mwembamba, ukapotea nyuma ya kitu fulani, ukarudi umenenepa. Dereva alipoachia mafuta kukaribia kona, bomba la moshi likapasukapasuka kama bisi kwenye sufuria. Kisha likatokea, ubavu ukitangulia, pua imeelekea mkongeni wakati gari zima linakwenda barabarani. Kokoto zikapiga majani ya mkonge tatata. Mwanamke mmoja karibu yangu akamtaja mama yake. Likapita.

Nilikuwa nimejiambia nisitazame dereva. Kwa sekunde ile moja niliona helmeti mbili nyuma ya kioo. Moja ilikuwa imeinuka, inageuka na barabara. Ya pili ilikuwa imeinama kabisa, kidevu karibu na kifua, daftari kwenye mapaja, haitazami nje hata kidogo. Barabara inamjia kwa kasi ile, mawe yanagonga chini ya miguu yake, na yeye anasoma.

"Umemwona?" nikamuuliza mke wangu.

"Nimemwona. Anasoma kama yuko kanisani."

Gari lile la kwanza lilikuwa la daraja la Rally2, injini ya lita 1.6 yenye turbo, nguvu inakwenda magurudumu yote manne. Likiwa jipya bei yake inapita euro 200,000. Baadaye zilikuja Subaru na Mitsubishi za zamani, zile ambazo fundi wa Morogoro anaweza kuzifungua akiwa amefumba macho, na makelele ya watu yalikuwa makubwa zaidi kwa hizo. Kijana mmoja wa bodaboda alinieleza sababu bila kuulizwa: zile mpya hazina shida, hizi zinapigana. Ni hukumu ya haki, nadhani. Kati ya gari na gari zilipita dakika mbili, ili vumbi litulie kidogo, na dakika mbili hizo zinatosha kununua kitumbua, kubishana na kurudi mahali pako.

Katika nafasi mojawapo msimamizi wetu wa filimbi, alipochoka kuwafukuza vijana, alikuja kukaa chini ya kivuli chetu, na kutoka kwake tukapata jambo lililomfurahisha Mama Salma siku nzima. Kwenye rali kila gari lina dakika yake ya kuripoti kwenye kituo cha muda. Ukichelewa, unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi, unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi.

"Kwa hiyo bora uchelewe dakika tano kuliko uwahi moja," alisema.

"Ndivyo, dada. Sekunde hamsini kwa sitini."

"Baba Salma, umesikia? Miaka yote hii nawahi kwenye vikao vya harusi, kumbe ndiyo kosa."

Anayeshika saa hiyo, anayebeba kadi ya muda na kuhakikisha inatolewa dakika yake, ni yuleyule wa pembeni. Dereva anaweza kuwa mwepesi kuliko wote Tanzania na akapoteza siku kwa sababu kadi ilitolewa dakika moja mapema.

Pale Kimamba, saa nne asubuhi, magari zaidi ya kumi yakiwa yamepita, hapakuwa na mtazamaji hata mmoja aliyejua nani anaongoza, na hili ndilo lililonikera. Hapakuwa na kipaza sauti, hapakuwa na karatasi ya majina ukutani kwa mtendaji wa kijiji, hapakuwa na redio iliyosoma muda. Waliokuwa na simu zenye salio walikuwa wakitafuta mtandao kwa mikono iliyoinuliwa juu. Watu hawa waliacha palizi, wakafunga mbuzi wao, wakakubali barabara yao ifungwe nusu siku na wakaachiwa makorongo mapya kwenye changarawe. Kuwapa majina na muda kwa Kiswahili ni gharama ya spika moja na mtu mmoja mwenye sauti. Naivasha wamekwenda mbali kupita kiasi, huko siku hizi kuna anayekwenda kwa ajili ya muziki na hajui gari limepita saa ngapi, lakini walau mtoto wa pale anajua kwamba Sébastien Ogier alishinda mwaka 2021 na 2023, Kalle Rovanperä 2022 na 2024, na Elfyn Evans 2025. Mtoto wa Kimamba aliona magari mazuri yasiyo na wenyewe.

Na majina tunayo. Ahmed Huwel, Randeep Birdi na Gurpal Sandhu si wageni kwa anayefuatilia mchezo huu nchini. Kwenye ubingwa wa Afrika, ulioanza mwaka 1981, majirani ndio waliotawala miaka ya karibuni: Manvir Baryan wa Kenya mara tatu kuanzia 2017, Carl Tundo mwaka 2021, Karan Patel, kisha Yasin Nasser wa Uganda. Pembeni ya Patel alikuwa Tauseef Khan. Pembeni ya Nasser alikuwa Ali Katumba. Ningependa siku moja nisikie kijana juu ya mwembe akipaza sauti kwa jina badala ya kusema "linakuja".

Barabara ilipofunguliwa tulipanda pikapu ya Mjomba kuelekea Mikumi. Kutoka Kilosa ni kama kilomita 70, na tulipopita sehemu kubwa ilikuwa bado vumbi, milima upande wa kulia, reli ya Kidatu ikija na kupotea. Katikati ya njia kuna kata inayoitwa Ulaya. Mjomba, kama kila mtu wa wilaya hiyo, hawezi kupita pale bila kukuambia kwamba amekufikisha Ulaya bila viza. Tulicheka kwa heshima. Mama Salma alikaa mbele, mimi nyuma na magunia, na kila kilima alimwambia mjomba wake kilichoko upande wa pili: daraja, ng'ombe, shule. Mjomba amepita njia hiyo tangu ujana, lakini alikuwa akipunguza mwendo kila alipoambiwa.

Mikumi mjini magari yalikuwa yameegeshwa uwanjani, chini ya maturubai, na huku ndiko mtazamaji anapolipwa deni la vumbi lote. Unasimama karibu. Mafundi wana dakika za kuhesabiwa na hawana muda wa kukuangalia. Gari linainuliwa, magurudumu manne yanatoka kwa mlio mmoja, mtu analala chini, mwingine anampitishia spana bila kuombwa. Nilimwona fundi akikung'uta kichujio cha hewa. Vumbi jekundu la Kimamba lilitoka la kujaa kikombe.

Dereva wa gari hilo alikuwa amezungukwa na watu wa picha. Mwenzake alikuwa nyuma ya turubai, kijana mwembamba amekalia tairi, anakula wali maharage kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unashikilia daftari wazi lisifungwe na upepo. Alikuwa amezifuta kurasa zake kwa kifutio cha penseli mpaka karatasi imepata manyoya. Kila mara aliacha kula, akafuta alama, akaandika nyingine.

"Kaka, pole na kazi," Mama Salma alimsalimia. "Huogopi humo ndani?"

"Asante, dada. Sina nafasi ya kuogopa. Nikiogopa nitaruka mstari."

Akarudi kwenye daftari. Hatukumsumbua tena.

Ambacho watu wengi hawajui ni kwamba magari haya, yakiwa njiani kutoka hatua moja kwenda nyingine, ni magari kama ya kwako. Yana namba za usajili na yanatii sheria za barabarani. Tukiwa tunakula nyama choma kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, tuliliona lile la kwanza, lile la euro 200,000, likitoka mjini nyuma ya semitrela la vitunguu. Tuta likaja. Semi likapanda tuta, likashuka, na gari la mbio likasubiri, likapanda tuta, likashuka. Mbele kidogo askari wa barabarani alikuwa amesimama na tochi yake chini ya mti. Helmeti ya pembeni ilikuwa imeinuka sasa, inatazama saa.

Tulipanda basi la kutoka Iringa alasiri. Barabara hiyo inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita kama 50, na humo mwendo wa mchana haupaswi kuzidi 70 kwa saa. Kuna ubao unaotaja faini kwa kila mnyama utakayemgonga, na bei ya twiga inatosha kumwachisha mtu udereva. Dereva wetu alikwenda kwa adabu. Tuliona pundamlia, swala, na tembo mmoja aliyegeuzia lami mgongo. Tulipotoka hifadhini akaongeza mafuta, na kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo kikaanza kulia juu ya kichwa chake. Abiria mmoja wa nyuma akasema kikizimwa tutawahi. Mama Salma akageuka na kumwambia kwamba kuwahi ni dakika nzima. Yule bwana hakuelewa, na basi zima halikuelewa, lakini alinyamaza.

Karibu na Morogoro mtandao ukarudi na matokeo yakaingia kwenye simu: nafasi, muda, aina ya gari, dereva. Niliyasoma kwa sauti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na yule wa wali maharage?"

Hakuwemo. Hakuwemo yeyote wa upande wake, orodha nzima. Nilimpigia mwenzangu wa dawati la michezo gazetini kwetu kumuuliza kama ana majina ya wasoma ramani. Akasema anayo yote, yalikuja pamoja na matokeo. Ukurasa ukijaa, hayo ndiyo huanza kukatwa.